Reli Iliyong'olewa Nachingwea: Jinsi ya Kutengeneza Injini ya Mvuke ya Mfano na Meza ya Kuigeuzia

Kijana wa leo wa Chiola akisikia neno treni, mawazo yake huenda Dar es Salaam, kwenye treni ya umeme ya SGR iliyoanza kubeba abiria hadi Morogoro na Dodoma mwaka 2024. Ni wachache wanaojua kwamba garimoshi la mvuke liliwahi kufika hapa kwetu Nachingwea kutoka pwani, likapakia na kushusha mizigo kwa miaka 13, kisha reli yake ikang'olewa chuma kwa chuma.

Katika makala hii tunaeleza kazi mbili za mikono: kuunganisha injini ndogo ya mvuke ya mfano, na kutengeneza meza ya kugeuzia injini hiyo. Wenzetu wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakifanya kazi hizi kwa zaidi ya miaka mia moja. Sisi tunazileta kwa sababu yetu wenyewe. Aliyekuwa mtoto wa miaka 10 mwaka ambao reli yetu ilifungwa, leo ameshapita miaka 70. Wazee walioiona ikifanya kazi wanapungua kila mwaka katika parokia zetu. Mtu anayetengeneza injini na stesheni ya mfano hulazimika kuuliza mambo ambayo mtazamaji wa picha hayaulizi kamwe: reli zilipishana kwa upana gani, maji yalitoka wapi, injini iligeuzwaje ili irudi pwani. Majibu ya maswali hayo yamo vichwani mwa wazee hao.

Reli ya Kusini kwa ufupi

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 wataalamu watatu wakiongozwa na John Wakefield walitumwa Afrika Mashariki na Kati. Wakapendekeza karanga zilimwe kwa mashine kwenye ekari 3,210,000, sehemu kubwa yake ikiwa Tanganyika. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Urambo na Nachingwea zikafuata, na kwa mujibu wa mpango, Jimbo la Kusini ndilo lililopaswa kuwa na mashamba mengi kuliko mengine.

Karanga za kiasi hicho zisingeweza kusafirishwa kwa malori kwenye barabara za vumbi. Zilihitaji bandari yenye kina kirefu, ndiyo Mtwara, na reli ya kuifikia. Kwa kuwa bandari ya Mtwara ilikuwa bado haijajengwa, reli ilianzia Mkwaya, kwenye hori la Lindi, ikafika Nachingwea mwaka 1949. Mtwara iliunganishwa katika miaka ya 1950, na baadaye likaongezwa tawi la kwenda Masasi. Kutoka Mtwara hadi Nachingwea zilikuwa kilomita 200 na kidogo.

Lakini mwezi Januari 1951, kabla hata bandari ya Mtwara haijakamilika, serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mradi wa karanga kwa hasara ya pauni zaidi ya milioni 36. Reli ikabaki bila mzigo ambao ilijengewa. Iliendelea kubeba mizigo na abiria waliokuwapo, ila mapato hayakutosha kuiendesha. Mwaka 1962, mwaka mmoja baada ya Uhuru, ikafungwa, kisha reli zikang'olewa. Nachingwea ikaingia katika sura nyingine ya historia, ilipokuwa kambi kuu ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO.

Hii ndiyo reli tunayotaka kuirudisha juu ya meza.

Kwanza tuelewane kuhusu skeli

Skeli ni uwiano kati ya kitu halisi na mfano wake. Skeli inayotumika zaidi duniani kwa treni za mfano ni 1:87, maana yake sentimita 1 ya mfano ni sentimita 87 za kitu chenyewe. Mtu mwenye urefu wa meta 1.74 anakuwa na urefu wa sentimita 2 kamili. Behewa la meta 12 linakuwa na sentimita 14 hivi.

Hapa mjengaji wa Tanzania anakutana na jambo ambalo mwenzake wa Uingereza halimsumbui. Nchi yetu ina reli za upana wa aina tatu. Reli ya zamani ya Kati, na pia Reli ya Kusini ilipokuwapo, ni ya meta moja, yaani milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. TAZARA ni milimita 1,067. SGR ni milimita 1,435. Katika skeli ya 1:87 zinakuwa milimita 11.5, milimita 12.3 na milimita 16.5.

Vipande vingi vya reli za mfano vinavyouzwa ni vya milimita 16.5, kwa sababu reli za Ulaya na Marekani nyingi ni za milimita 1,435. Ukiweka injini ya Reli ya Kusini juu ya reli hizo katika skeli ya 1:87, itaonekana imetanua miguu. Kwa hiyo una njia mbili. Ya kwanza ni kutumia reli za mfano za milimita 12, ambazo zinatengenezwa kwa ajili ya reli za meta moja kama zile za milimani Uswisi. Tofauti ya nusu milimita haionekani kwa macho. Ya pili ni kubaki na reli za milimita 16.5 na kukuza vitu vingine vyote hadi skeli ya 1:60. Njia hii ya pili inafaa zaidi kwa anayetengeneza kila kitu mwenyewe, maana vipande vinakuwa vikubwa na vidole havisumbuki.

Kuna hesabu nyingine ambayo wengi huisahau. Urefu ukigawanywa kwa 87, uzito haugawanywi kwa 87. Uzito hufuata urefu, upana na kimo kwa pamoja, kwa hiyo hugawanywa kwa 87 mara tatu, yaani kwa 658,503. Chukua injini za Garratt za daraja la 59 za East African Railways, zilizotengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima. Zilikuwa 34, kila moja ilikuwa na tani 252, na ndizo zilizokuwa injini za mvuke zenye nguvu kuliko zote duniani kwenye reli za meta moja. Moja kati yake, Mount Gelai, imehifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi. Katika skeli ya 1:87 injini hiyo inakuwa na urefu wa sentimita 37 hivi, lakini uzito wake ungekuwa gramu 383 tu. Ndiyo maana injini za mfano huongezwa vipande vya risasi ndani ya boila. Bila uzito huo magurudumu huteleza bila kuvuta kitu.

Seti ya vipande ina nini ndani

Injini ya mfano inaweza kununuliwa ikiwa imekamilika, au ikiwa seti ya vipande vya kuunganisha. Seti hizo ni za aina tatu.

Aina ya kwanza ni ya plastiki, inayounganishwa kwa gundi. Ni rahisi, lakini mara nyingi injini yake haitembei yenyewe. Aina ya pili ni ya metali laini nyeupe iliyomiminwa kwenye kalibu. Vipande vyake ni vinene na vizito, jambo ambalo ni zuri kwa kuvuta, ila metali hiyo huyeyuka kwa joto dogo, kwa hiyo hulehemiwa kwa risasi maalumu inayoyeyuka kwenye nyuzi 70 tu, au hugundishwa. Aina ya tatu ni ya bati jembamba la shaba lililochimbwa kwa tindikali. Kila kipande kimeshikiliwa na vijiti vidogo vya kukatwa. Mahali pa kukunja pana mstari uliochimbwa hadi nusu ya unene wa bati. Kanuni yake ni kwamba mstari huo hubaki upande wa ndani wa kona. Ukikunja kinyume, bati hukatika.

Kabla ya kuwasha pasi ya kulehemu, panga vipande vyote juu ya karatasi nyeupe na uvihesabu ukilinganisha na mchoro. Fanya kazi penye dirisha wazi, kwa sababu moshi wa dawa ya kulehemu unaumiza mapafu. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, maana risasi ni sumu, hata ile kidogo inayobaki kwenye vidole.

Kuunganisha injini: anza na miguu

Anayeanza kazi hii hutamani kuanza na boila na bomba la moshi, kwa sababu ndivyo vinavyoipa injini sura yake. Mafundi wazoefu huanza na kiunzi cha chini kinachobeba magurudumu. Injini yenye sura nzuri isiyotembea ni pambo la kabati. Utaratibu ni huu:

1. Lehemu pande mbili za kiunzi zikiwa sambamba. Weka kiunzi juu ya kipande cha kioo. Kikicheza, kimepinda, nacho kinyooshwe sasa kabla ya jambo lingine lolote.

2. Ingiza ekseli na magurudumu, kisha sukuma kiunzi kwenye reli kwa kidole. Kinapaswa kuserereka chenyewe kwenye mteremko mdogo. Magurudumu ya upande mmoja lazima yatenganishwe na ekseli kwa plastiki, la sivyo umeme wa reli moja utavuka hadi reli ya pili na kuunguza kifaa cha umeme.

3. Funga mikono ya kuunganisha magurudumu. Hapa ndipo penye kazi ngumu kuliko zote. Katika injini halisi yenye silinda mbili, pini ya upande wa kushoto na ile ya upande wa kulia hazikai sawasawa; zinapishana kwa robo ya mzunguko, yaani nyuzi 90. Sababu yake ni kwamba pistoni ikifika mwisho wa mwendo wake, mvuke hauwezi kuzungusha gurudumu upande huo. Wakati huo pistoni ya upande wa pili inakuwa katikati, penye nguvu zake zote, nayo ndiyo inayoiondoa injini. Katika mfano ni lazima pembe hiyo iwe moja kwa ekseli zote. Ekseli moja ikikosea hata kidogo, injini huchechemea.

4. Ondoa kila msuguano. Kama mikono inakwama, panua tundu lake kidogo kwa tupa nyembamba, huku ukijaribu kila baada ya kukwangua mara mbili tatu. Usitegemee mota kulazimisha kinachokwama.

5. Sasa weka mota na gia. Mota ndogo ya volti 12 huzunguka maelfu ya mara kwa dakika, kwa hiyo hupunguzwa kwa gia ya skrubu. Kwa mfano, mota inayozunguka mara 10,000 kwa dakika ikipunguzwa mara 40, gurudumu litazunguka mara 250. Kwa gurudumu la kipenyo cha milimita 14, ambalo kwa skeli ya 1:87 ni gurudumu la meta 1.2, huo ni mwendo wa kilomita 57 kwa saa ukikuzwa hadi ukubwa halisi. Ni mwendo unaofaa kabisa kwa garimoshi la mizigo.

6. Kiunzi kikishatembea mbele na nyuma bila kusita, ndipo ujenge boila, kibanda cha dereva, bomba la moshi na vishikio. Osha injini yote kwa maji ya sabuni na mswaki laini ili kuondoa dawa ya kulehemu, iache ikauke siku nzima, paka rangi ya kwanza ya kushikia, kisha rangi yenyewe. Injini za East African Railways zilizojulikana sana zilikuwa za rangi ya damu ya mzee. Usiache iking'aa. Injini iliyokuwa kazini ilikuwa na masizi juu, vumbi chini na alama za maji ubavuni.

Meza ya kugeuzia: kwa nini ilihitajika

Injini nyingi za mvuke zilikuwa na mbele na nyuma. Nyuma yake zilifungiwa tenda, lile behewa la mafuta au kuni na maji. Injini ya namna hiyo inaweza kwenda kinyumenyume, lakini dereva haoni vizuri na mwendo hupunguzwa. Kwa hiyo kwenye kituo cha mwisho ilibidi igeuzwe. Kwa hili kulikuwa na njia tatu.

Njia ya kwanza ni pembetatu ya reli: injini inaingia kwa mkono mmoja, inarudi nyuma kwa mkono wa pili, inatoka kwa mkono wa tatu ikiwa imegeuka. Pembetatu haina mtambo wa kuharibika, lakini inakula ardhi kubwa. Njia ya pili ni kutumia injini zisizojali mwelekeo, kama zile za Garratt ambazo hukimbia sawasawa pande zote mbili. Njia ya tatu ni meza ya kugeuzia.

Meza hii ni daraja fupi la reli linalozunguka ndani ya shimo la duara. Katikati kuna mhimili unaobeba uzito wote. Kwenye ncha mbili za daraja kuna magurudumu madogo yanayopita juu ya reli ya mviringo chini ya shimo. Injini inapanda, inasimama mahali pake, na watu wanalisukuma daraja.

Je, watu wachache wanawezaje kuzungusha injini ya tani mia moja? Siri yake ni mizani. Ikiwa uzito wa mbele na wa nyuma ya mhimili uko sawa, magurudumu ya pembeni hayabebi karibu chochote, na mzigo wote unakaa juu ya mhimili uliotiwa grisi. Lakini injini ni nzito kuliko tenda, na tenda tupu ni nyepesi kuliko iliyojaa. Kwa hiyo dereva alipaswa kutafuta mahali pa kusimama, akisogea mbele kidogo na kurudi kidogo, hadi daraja likae sawa. Akikosea kwa nusu meta, wasukumaji walitoka jasho bure.

Kuijenga meza juu ya plaiwudi

Kwa wanaopenda seti, ipo ya plastiki iliyoanzishwa na kampuni ya Airfix ya Uingereza na baadaye ikaendelezwa na Dapol. Huunganishwa kwa gundi na kuzungushwa kwa mkono. Lakini meza ya kugeuzia ni kitu ambacho fundi wa hapa anaweza kukitengeneza bila kuagiza chochote.

Daraja la meta 18 linatosha injini nyingi zenye tenda. Katika skeli ya 1:87 hilo ni sentimita 21. Chora duara kwenye plaiwudi kwa msumari, uzi na penseli, na tundu la msumari huo huo ndilo litakalokuwa la mhimili. Likate duara liwe kubwa kuliko daraja kwa milimita 1 kila upande. Chini yake gundisha plaiwudi ya pili iwe sakafu ya shimo. Kwa mhimili, beringi ndogo kutoka kwenye mota ya feni iliyokufa inafaa sana, ikiwa na bolti inayoingia bila kucheza. Reli ya mviringo ni waya mnene uliokunjwa kufuata duara.

Jambo linalowashinda wengi ni kulinganisha reli za daraja na reli za nje. Fanya hivi: laza kipande kimoja kirefu cha reli kivuke shimo lote, kutoka nje hadi nje, ukiwa umelikaza daraja lisisogee. Kigundishe. Gundi ikikauka, kata kwa msumeno mwembamba penye kingo mbili za shimo. Reli za pande zote zitakuwa zimetazamana, kwa sababu zilikuwa kitu kimoja. Halafu weka kipini kidogo cha kufungia daraja kila linapofika kwenye reli.

Linabaki suala la umeme. Injini ya mfano hupata umeme kutoka reli mbili, moja chanya na moja hasi. Daraja likigeuka nusu mzunguko, reli yake iliyokuwa kushoto inakuwa kulia, na chanya inakutana na hasi. Dawa yake ni pete ya shaba iliyokatwa vipande viwili chini ya mhimili. Vishikio vya daraja hupita juu ya pete hiyo, na kila nusu mzunguko umeme hujibadilisha wenyewe. Kama kazi hiyo ni ngumu, ipo njia nyepesi: weka betri za tochi ndani ya tenda, injini ijitegemee, na reli zibaki bila umeme kabisa. Njia hii ina faida nyingine ambayo kila msomaji wa vijijini anaijua, kwamba umeme ukikatika treni inaendelea.

Vifaa tulivyo navyo

Mtu anaweza kusema kwamba seti za kutoka nje ni ghali, na ni kweli. Lakini ni mtoto gani wa Nachingwea au Ruangwa ambaye hajawahi kutengeneza gari la waya, magurudumu yake yakiwa ya ndala zilizochakaa? Ustadi upo. Kinachoongezeka hapa ni rula.

Mwili wa injini unaweza kuwa wa bomba jembamba la plastiki na kadibodi ngumu iliyopakwa gundi ya maji. Mota ndogo zimo ndani ya redio za kaseti na mashine za DVD zilizotupwa. Kusini ni nchi ya mpingo na ya wachongaji wa Kimakonde. Mabaki ya mpingo ambayo mchongaji huyatupa ni magumu kiasi cha kutosha kuwa silinda, magurudumu ya mabehewa, hata vishikilia ekseli. Kwa waliopita karakana za watawa wa Ndanda, ambako useremala na ufundi chuma vimefundishwa vizazi kwa vizazi, hakuna kitu kigeni katika kazi hii isipokuwa udogo wake.

Stesheni moja inatosha

Kilomita 200 katika skeli ya 1:87 ni meta 2,300. Hakuna ukumbi wa parokia wenye urefu huo. Kwa hiyo mjengaji huchagua mahali pamoja. Meza ya meta 3 kwa sentimita 60 inatosha kuonyesha mwisho wa reli: njia ya abiria, njia ya mizigo, ghala moja la bati, tangi la maji, na meza ya kugeuzia au pembetatu.

Lakini stesheni ya kubuni haina faida kubwa kwetu. Tunataka ile iliyokuwapo, na hapo ndipo kazi inapotoka mezani na kwenda kijijini. Tunawashauri wanafunzi wa seminari watakaokwenda likizo, na vijana wa jumuiya ndogondogo, wachukue daftari na kumwendea bibi au babu aliyekuwa mtoto au kijana miaka hiyo. Kwanza msalimie, shikamoo yake aipokee, ukae chini, usimharakishe. Kisha uliza mambo yanayoweza kupimwa:

Jengo la stesheni lilikuwa upande gani wa reli, na milango mingapi? Tangi la maji lilikuwa la chuma au la saruji? Injini ilichomwa kuni au mafuta? Iligeuzwa juu ya meza au ilizunguka pembetatu? Mabehewa yalikuwa ya rangi gani? Nini kilipakiwa? Watu walipanda wapi, na wenye mizigo walisubiri wapi? Mataruma yalikwenda wapi reli ilipong'olewa?

Kama mzee ana picha, mwombe ruhusa uipige kwa simu, ukiandika mwaka na majina anayoyakumbuka. Usiondoke na picha yenyewe. Ukipita mashambani, angalia matuta. Tuta la reli linatambulika: haliinuki ghafla, halikati kona kali, na linaendelea kunyooka mahali ambapo njia ya miguu ingeyumba. Lipime upana kwa kamba na uandike.

Kipimo kidogo kabla ya kikubwa

Kuna somo moja ambalo kazi hii inalifundisha. Injini ya mfano hujaribiwa kila hatua: kiunzi kabla ya mota, mota kabla ya boila, boila kabla ya rangi. Kosa linapatikana likiwa bado dogo.

Mradi wa karanga haukwenda hivyo. Ekari milioni tatu zilipangwa kabla ya kulima za kutosha kujaribia. Huko Kongwa udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji baada ya mvua, na mvua zenyewe hazikuja kama ilivyotarajiwa. Kwetu Kusini reli na bandari vilianza kujengwa kabla ya kujulikana kama kutakuwa na karanga za kubeba. Wazee wetu walisema haraka haraka haina baraka, na hapa haraka hiyo iligharimu fedha, misitu iliyofyekwa, na jasho la maelfu ya vibarua.

Leo reli ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay imekuwa ikizungumzwa kwa miaka mingi. Ikija, watoto wa Kusini wataihitaji kama mafundi, wahandisi na madereva, nao watafika wakiwa tayari zaidi kama wameshawahi kushika gia, kupima upana wa reli kwa rula na kutafuta mizani ya daraja juu ya beringi ya feni.

Atakayeanza, aanze na meza ya kugeuzia. Inahitaji plaiwudi, bolti, beringi na jioni chache za likizo. Na asubuhi moja kati ya hizo, kabla ya kushika msumeno, aende kwanza kwa mzee wa jirani na daftari lake.